Karavani Isiyofika Mtoni

Ukitaka kujua mwanamume anakupenda kiasi gani, mpe karavani ya baba yako iliyooza. Merle Januarie hakuwa amepanga kumpima Quinton kwa njia hiyo, ila ndivyo mambo yalivyokwenda. Tangu micheri, ile miti ya cheri ya bonde la Ceres, ilipotoa maua mpaka ikazaa na kuchumwa, kila Jumamosi Quinton alikuwa uani kwao, amepiga magoti kando ya ile nyumba ndogo ya magurudumu, anang'oa misumari yenye kutu na kuitia kwenye kopo. Merle alimshikia taa, akamshikia mbao, na mara nyingine akamshikia tu bega bila sababu ya maana.

Mzee Gert, baba yake Merle, aliinunua karavani hiyo mwaka aliooa. Kila Desemba aliifunga nyuma ya gari, akateremka nayo mlima hadi mto Breede, kwenye kiwanja kilekile chini ya mikaratusi, majirani walewale kushoto na kulia. Huko ndiko wanawe wawili, Clive na Merle, walikojifunza kuogelea, kurusha mshipi, na kukanda ule ugali wa chambo ambao mzee aliutia unga wa kastadi na bizari halafu akakataa kumwambia mtu yeyote kipimo. Kisha mapafu ya mzee yakaanza kumsaliti. Karavani ikakaa uani, kuku wa jirani wakaifanya kwao.

Siku daktari alipomwambia kwamba hakuna tena cha kutibu, mzee hakulia. Alivaa kofia yake akasema, "Basi nipelekeni mtoni."

Hapo ndipo Quinton alipopata nafasi ya kuingia ua ule. Alikuwa fundi wa bodi za magari, mrefu, mpole wa maneno, na mama yake Merle hakumpenda hata kidogo. Anti Rebekka, kama Quinton alivyomwita kwa heshima, alikuwa mama wa kanisa, na Quinton alikuwa mtu aliyeachana na mke. Kwa mama huyo hakuwa na jina; alikuwa "yule mtu". Yule mtu amekuja. Yule mtu anywe chai huko huko nje.

Kwao mwanamume hachukui mke hivi hivi. Huvaa koti, akaketi sebuleni mbele ya wazazi, akamwomba binti kwa kinywa chake mwenyewe. Ndoa yake ya kwanza Quinton aliifunga ofisini, wazazi wa msichana hawajaulizwa, na wazazi hao hawakuisamehe mpaka ilipokufa. "Ile ilikuwa ndoa ya kupitia dirishani," alimwambia Merle. "Safari hii napita mlangoni, au sipiti."

Mwanzoni mwa Desemba akaja amevaa koti, jua likiwaka kama lina ugomvi naye. Mzee Gert alikuwa kivulini, mtungi wa hewa miguuni, anafunga ndoana kwenye uzi.

"Vua hilo koti, utaiva," mzee akasema.

"Mjomba Gert," Quinton akasema, kwa jina la heshima la kwao, "nimekuja na neno."

"Neno lako nalijua. Si hapa. Utaniuliza mtoni. Anayetaka binti yangu lazima kwanza nimwone akitia chambo bila kujichoma kidole."

"Na ukinikatalia huko mtoni?"

"Nitakusukuma majini. Ndiyo maana nataka iwe huko."

Walicheka wote watatu, mzee akacheka hadi akakohoa, na Merle akaenda nyuma ya karavani kujifuta machozi, maana furaha nayo ina machozi yake. Kwa hiyo safari ile ikawa na mizigo miwili: mto wa baba na jibu la Merle.

* * *

Kasoro ilikuwa kwenye mbao. Karavani za zamani zina bati nje na fremu ya mbao ndani, na bati likipigwa rangi linaweza kukudanganya kama bwana harusi aliyeazima suti. Clive, kaka yake Merle, alikuwa amekwisha kulipiga rangi, krimu juu na kijani chini, na majirani walikuja kusifu. Siku ya kuamkia safari, Quinton akabandua pembe ya bati upande wa mbele, akaingiza bisibisi. Ikaingia mpaka kwenye mpini kama kisu kwenye keki.

"Oneni," akasema. "Upande wa kushoto nimeujenga upya. Huu bado. Hapa ndipo nyumba inaposhikana na chesisi ya magurudumu, na hapa hapana kitu. Ni unga."

"Wewe ni fundi au nabii?" Clive akauliza. "Karavani imesimama hiyo."

"Imesimama uani. Kule mlimani si uani."

"Tutakwenda pole pole."

"Clive, ikiwa tupu ningesema jaribuni bahati. Lakini Mjomba anataka kulala humo ndani njia nzima."

Hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Mzee hakuweza tena kukaa kwenye kiti cha gari, kifua kilimkaba. Alitaka kulala kwenye kitanda chake cha zamani, dirisha wazi, aone milima ikipita. Sheria inakataza mtu kupanda karavani inayokokotwa, lakini Clive alikuwa tayari kuvunja sheria kumi kwa ajili ya baba yake, na kwa hilo huwezi kumlaumu.

"Mjomba," Quinton akainama karibu na kiti cha mzee, "kwenye zile kona nyumba itabaki na chesisi itakwenda. Nipe mpaka Mwaka Mpya."

Mzee akamtazama kwa upole. "Mwanangu, huo Mwaka Mpya mimi ninao?"

Quinton akainamia bisibisi yake.

"Kufa nitakufa tu," mzee akaendelea. "Nichagulieni pazuri."

Mama Rebekka alikuwa mlangoni, anakunja mashuka ya safari. Mikono yake ilisimama kidogo, kisha ikaendelea. "Baba yenu amesema," akasema. "Kesho tunaondoka. Na yule mtu akitaka kuja, apande gari lake."

Merle hakulala vizuri. Kila alipofumba macho aliona kona ya mlima, na bati la krimu na kijani likiteleza kuelekea bondeni na baba yake ndani, kofia kichwani. Alfajiri, weupe ulipoanza kuingia nyuma ya micheri, aliamka, akachukua spana kwenye sanduku la Quinton, akaenda mbele ya karavani. Pale mbele kuna kikombe cha chuma kinachokaa juu ya tufe la chuma la kuvutia nyuma ya gari. Bila kikombe hicho hakuna cha kuvuta. Nati zilikuwa ngumu. Spana iliteleza ikamchubua vifundo vya vidole, akaendelea. Alikifunga kile chuma kwenye aproni, akakipeleka kwenye bwawa la kumwagilia mashamba, akakitupa. Hakukificha, kwa sababu alijijua: kama kingekuwa mahali pa kufikika, sura ya baba yake ingemfanya akirudishe.

Siku hiyo ilikuwa sikukuu, maduka yamefungwa nchi nzima, na kikombe cha chesisi ya umri ule hakipatikani kwa jirani. Merle alisimama kando ya maji. Alijua amemwokoa baba yake na mlima, na alijua amemnyima mto. La kwake mwenyewe, lile jibu chini ya mikaratusi, hakutaka hata kulifikiria.

Asubuhi majirani walikuja kuaga. Mzee alitolewa nje kwenye kiti, amenyoa, ananukia sabuni, amepakata fimbo zake za kuvulia. Clive akarudisha gari nyuma, akashuka, akainama. Kisha akaguta.

"Nani ametoa kikombe? Nani?"

Macho ya watu wote yakaenda kwa Quinton, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia getini na mkate wa safari. Merle akafungua mdomo. Quinton alimtazama usoni, kisha akatazama mkono wake, ule wenye vifundo vilivyochubuka. Akaweka mkate chini.

"Ni mimi," akasema. "Nimekitoa mimi. Na hamtakipata."

Clive alimpiga ngumi ya mdomo mbele ya majirani wote. Quinton hakuinua hata mkono. Mzee Gert aliwaangalia mmoja baada ya mwingine, akafika kwa Merle, na Merle akaangalia chini.

"Nirudisheni ndani," mzee akasema, akavua kofia.

Tangu hapo aligeukia ukutani. Alikufa kabla ya Krismasi, kwenye kitanda cha chumbani, dirisha likitazama ua na karavani. Makaburini, Quinton aliposogea na udongo mkononi, Mama Rebekka alimzuia mbele ya kanisa zima. "Wewe weka chini huo udongo wako. Mume wangu alikuomba mto, ukamnyima. Usimpe mchanga." Watu waliguna. Quinton akaufungua mkono wake, udongo ukamwagika kwenye viatu vyake vyeusi, akatoka kwa lango la pembeni. Merle alikuwa ameshika mkono wa kaka yake. Alinyamaza.

* * *

Jumamosi iliyofuata mazishi, Quinton alikuja kuchukua vifaa vyake. Alichagua saa ambayo Clive alikuwa kanisani kurudisha viti vya msiba. Aliegesha pikapu nje ya geti, akaiacha inanguruma, kwa sababu siku hizo ilikuwa ikizimwa haiwaki kwa urahisi, au labda kwa sababu hakutaka kukaa.

Merle alimletea sanduku la spana. Quinton alikuwa amekonda, na mdomo wake ulikuwa bado na alama ya ngumi.

"Umekula?" Merle akamuuliza.

"Nimekula."

"Mwongo."

"Basi sijala." Akachukua sanduku, akaliweka chini tena. "Na wewe hujalala."

Walisimama na karavani katikati yao. Merle aliona mikono ile aliyoizoea, mikavu, yenye rangi ya magari kwenye kucha, na akatamani kuishika na kuiweka usoni mwake hapo hapo, hata kama dunia nzima ingekuwa dirishani.

"Kwa nini ulisema ni wewe?" akauliza. Hakuwa amepata kumuuliza.

"Mzee alikuwa anakaribia kukutazama wewe. Jinsi alivyonitazama mimi, sikutaka akutazame hivyo, halafu iwe ndiyo mwisho."

"Quinton..."

"Hukuniomba. Nilichukua mwenyewe. Silalamiki." Akapangusa bati kwa kiganja, mahali ambapo hapakuwa na vumbi. "Ila pale kaburini nilidhani utasema. Si kwa sauti kubwa. Hata kwa mama yako sikioni. Niliona mdomo wako unafunguka, nikasema, haya, sasa. Halafu ukafunga."

"Niliogopa."

"Najua. Ningeogopa na mimi."

"Nitasema. Leo. Nitamwambia leo."

"Merle, mtu anayefukuzwa kaburini hawezi kurudi wiki ijayo na koti kuomba binti. Na kukuchukua bila kuuliza siwezi. Nilishafanya hivyo mara moja. Nilimwona mwanamke akilia kila Krismasi kwa sababu kwao hawamfungulii mlango. Kama ningekupenda kidogo, ningekwambia panda gari twende."

Maneno hayo yalimkata Merle kuliko matusi. Kuna wanaume wanaokupenda wakakuvuta, na kuna mmoja mmoja anayekupenda akakuacha, na huyo ndiye anayekumaliza.

"Yule mtu hajamaliza tu?" Sauti ilitoka jikoni. Mama Rebekka alisimama mlangoni, amevaa nyeusi na slipa za ndani, kitambaa cha vyombo mkononi.

"Namaliza, Anti," Quinton akasema.

"Mama," Merle akasema. "Si yeye. Ni mimi niliyetoa kikombe. Nimekitupa bwawani. Quinton hakujua lolote mpaka asubuhi ile."

Alingoja kelele. Alingoja kofi. Mama yake alikunja kile kitambaa mara mbili, akakunja tena.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Nilikuwa jikoni nawasha moto wa uji wa baba yako. Nilikuona kupitia dirishani, na spana. Nilikuona ukipita na aproni." Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa imechoka. "Ningeweza kukuita. Sikukuita. Nilisema, asante Mungu, kuna mwenye ujasiri humu ndani. Mimi nilikuwa nimekunja mashuka usiku kucha nikitafuta namna ya kumwambia hapana, nikaikosa. Tangu nimeolewa na mtu yule sijapata kumwambia hapana."

Quinton aliketi kwenye kreti ya cheri, polepole, kama mtu aliyeambiwa ana homa. "Anti," akasema, "pale kaburini ulijua?"

"Nilijua."

"Mbele ya watu wote wale."

"Nilihitaji mtu wa kumchukia, na sikutaka awe mwanangu. Wala sikutaka niwe mimi. Wewe ulikuwa umejitolea tayari."

Kuku mmoja alitoka chini ya karavani, akawaangalia, akarudi.

Quinton alisimama. Hakuwa na koti. Alivifunga vifungo vya shati lake la kazi hadi shingoni, akapangusa mikono kwenye suruali. "Basi Mjomba hayupo, nakuuliza wewe. Sina mzee wa kuja naye, nimekuja na mdomo wangu. Namwomba binti yako, Merle."

Merle aliona uso wa mama yake ukilegea, akaona jibu zuri likipita pale kama mtu anayepita mlangoni bila kuingia. Kisha likaondoka.

"Siwezi," Mama Rebekka akasema. "Nikisema ndiyo, Clive atauliza: mama, unampaje dada yangu mtu aliyemnyima baba mto? Kanisa litauliza. Nitajibu nini? Kwamba niliona nikanyamaza? Clive anampenda baba yake mpaka leo haingii chumba kile. Nimebakiwa na watoto wawili tu. Nisamehe. Siwezi."

"Nimeelewa," Quinton akasema. Akainua sanduku la vifaa. "Nashukuru kwa kunijibu ana kwa ana."

"Quinton, usiende," Merle akasema.

Alikwenda. Alitembea kuelekea getini bila haraka, na kila hatua yake ilikuwa kama inakanyaga kifua cha Merle. Alikuwa anaweka sanduku nyuma ya pikapu wakati Clive alipotokea barabarani kwa miguu, mikono mitupu, koti la msiba begani.

"Nani kakuruhusu kukanyaga hapa?" Clive akaanza.

"Mimi," Merle akasema. Alikuwa ametoka mbio hadi getini. "Kaka, nisikilize kabla hujampiga tena. Kikombe nilikitoa mimi. Nilikitupa bwawani. Uliyempiga hakuwa na kosa, alikuwa ananificha."

Clive alimtazama dada yake, akamtazama Quinton, na uso ukampauka. Alikuwa kijana mkubwa, mwenye mabega ya kubeba makreti, na Merle hakuwa amewahi kumwona akionekana mdogo vile.

"Baba alikufa anatazama ukuta," akasema.

"Najua."

"Kwa ajili yako."

"Angekufa mlimani, kaka. Mbao zilikuwa unga. Uliziona."

"Angekufa njiani kwenda mtoni! Ndicho alichotaka!" Sauti ilimpasuka. Kisha akauliza kitu kile ambacho Merle alikuwa akikiogopa. "Mama anajua?"

Merle aligeuka. Mama yake alikuwa bado mlangoni, na macho yake yalikuwa yanamwomba bila aibu, kama mtoto. Merle hakumpenda sana mama yake wakati ule. Lakini alimwona jinsi alivyo: mjane mwenye slipa, ambaye asubuhi hiyo alikuwa ameweka sahani nne mezani akaondoa moja.

"Hapana," Merle akasema. "Hakuna aliyejua. Mimi peke yangu."

Quinton, mkono kwenye mlango wa gari, aliinamisha kichwa.

"Toka," Clive akasema. Alilitamka chini chini, na machozi yakimtiririka. "Chukua nguo zako utoke. Kabla sijafanya jambo nitakalojutia. Nenda naye, nenda popote. Hapa huna kwenu."

Merle aliitikia kwa kichwa. Hakurudi ndani kuchukua kitu. Alipita mbele ya kaka yake, akapita geti, akasimama barabarani upande wa pili wa pikapu, bila kumtazama Quinton, maana hakutaka aone kama anaombwa.

"Mimi sikuchukui kwa dirishani," Quinton akasema kwa sauti ya kukwaruza.

"Hunichukui. Nimefukuzwa."

Ndipo waliposikia mlango wa jikoni ukifunguliwa hadi mwisho. Mama Rebekka alikuwa anashuka ngazi, ameshika ukuta, mkono mwingine umebeba viatu vyake vyeusi vya kanisani.

"Clive," akaita.

"Mama, rudi ndani. Hili ni letu."

"Ningoje nivae viatu." Aliketi kwenye ngazi ya mwisho, akavua slipa moja, akahangaika na kiatu kwa sababu miguu ilikuwa imevimba kwa siku zile za kusimama. "Kama ni kufukuza, usitufukuze kwa mafungu. Nilimwona. Nilikuwa dirishani, nikamwona, nikamwacha. Kisha nikamtukana huyo kijana kaburini kwa baba yako. Quinton. Anaitwa Quinton." Akakaza kamba, akaanza kiatu cha pili. "Haya. Niambie niende wapi."

Clive aliketi chini palepale getini, kwenye vumbi, na suti yake ya msiba, akalia kwa sauti kama mtu aliyepata habari ya kifo sasa hivi. Mama yake alimaliza kufunga kamba, akanyanyuka kwa shida, akaenda akasimama karibu naye, bila kumgusa, akingoja amruhusu.

Barabarani Merle hakusogea, pikapu bado inanguruma kando yake. Alisikia mlango wa pikapu ukifunguliwa, akafumba macho. Quinton aliingiza mkono, akazima gari.